Jimbo lako likitangaza linarekebisha plani ya shule, usilipite hilo tangazo

Swali ninaloulizwa na wazazi wetu kuliko maswali yote ni hili: mwanangu Kiingereza anakimwaga kama maji, ananitafsiria mpaka kwa daktari (na hilo la mtoto kutafsiri kwa daktari tutaliongea siku nyingine, halifai kabisa), sasa mbona kila mwaka shule inaniletea karatasi kwamba bado yuko kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza?

Juzi kuna mama mmoja Mkongo tulikutana baada ya ibada, akatoa hiyo karatasi kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Ilikuwa ripoti ya ACCESS, ule mtihani ambao majimbo mengi ya Marekani yanautumia kupima Kiingereza cha watoto wenye lugha nyingine nyumbani. Nikamuonesha kwa kidole, mama angalia hapa, kusikiliza yuko juu, kuongea yuko juu, kusoma yuko katikati, kuandika yuko chini, alafu huku mwisho kuna alama ya jumla. Kwenye ile alama ya jumla kusoma kunabeba asilimia 35, kuandika asilimia 35, kusikiliza 15 na kuongea 15. Yaani kile mama anachokisikia kila siku sebuleni, mtoto akibishana na wenzake kwa Kiingereza, kina uzito mdogo sana, na kusoma na kuandika ambako yeye hakuoni ndo kumebeba 70. Mama akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza: na nani aliamua akifikisha ngapi ndo anatoka?

Hapo ndo nilipotaka tufike. Alama ya kutokea haikuwekwa na mwalimu, wala mkuu wa shule, wala distrikti, yaani ofisi inayosimamia shule za eneo lenu. Imewekwa na jimbo, na imeandikwa kwenye dokumenti ndefu ambayo jimbo liliipeleka Washington ikapitishwa, sisi tunaofanya kazi hizi tunaiita plani ya ESSA. Kazi yangu kwenye taasisi ninayofanyia ni kusoma hizi plani na kuona zinawafanya nini watoto, na kitu ambacho natamani kila mzazi anayeongea Kiswahili akijue ni kwamba hii plani inafunguliwa na kubadilishwa, na ikifunguliwa wewe una haki ya kusema neno kabla haijafungwa tena.

ESSA ni sheria aliyoisaini Rais Obama Desemba 10, 2015. Mzizi wake ni wa mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson alirudi Texas kwenye kishule kidogo alichosoma utotoni akaisaini pale nje, mwalimu wake wa kwanza amekaa pembeni yake. Na Johnson mwenyewe mwaka 1928 alikuwa mwalimu kwenye mji wa Cotulla, Texas, akifundisha watoto wa familia maskini za Kimeksiko, watoto ambao Kiingereza kilikuwa kinawatesa kama kinavyowatesa wa kwetu leo. Nayasema haya kwasababu nakutana na wazazi wanaoona aibu, wanadhani wakiuliza wanaomba hisani. Hapana. Hii sheria tangu siku ya kwanza ilitungwa kwa ajili ya watoto wa watu wasio na kitu, ile hela inayoitwa Title I, ya kusaidia shule zenye watoto wengi wa familia maskini, inatoka humo humo.

Katikati hapo ilikuja ile ya Rais Bush ya mwaka 2002 iliyotaka kufikia 2014 kila mtoto awe amefikia kiwango, asilimia 100, nchi nzima, ikashindikana. Ndo maana ESSA ikabadilisha mtindo: Washington inaweka mipaka tu, alafu kila jimbo linajiandikia lenyewe litapimaje shule zake na litazisaidiaje zile zilizokwama. Kwa hiyo ukitaka kujua shule ya mwanao inahukumiwa kwa kipimo gani, jibu liko mji mkuu wa jimbo lako.

Mipaka yenyewe siyo mingi. Watoto wafanye mtihani wa hesabu na wa kusoma kila mwaka kuanzia darasa la 3 mpaka la 8, na mara moja wakiwa sekondari, sayansi mara chache zaidi. Jimbo lipime matokeo hayo, lipime wanaohitimu sekondari, lipime watoto wanaojifunza Kiingereza wanasogea kiasi gani, na liongeze angalau kipimo kimoja kingine cha lenyewe. Majimbo mengi hapo kwenye hicho kingine yaliweka utoro, na huu utoro unatupiga sana sisi bila kujua. Mtoto anahesabiwa mtoro sugu akikosa asilimia 10 ya siku za shule, mwaka ukiwa na siku 180 maana yake siku 18, na kwa kawaida hawaangalii kama ulituma barua au hukutuma. Ukimpeleka mtoto Bujumbura kumuona bibi yake wiki tatu katikati ya muhula, hizo tayari ni siku 15, ongeza mafua ya siku 3, basi ameshaingia kwenye namba ya watoro na shule yake imeshuka pointi. Sikwambii usimpeleke kwa bibi. Nakwambia kama unaweza mpeleke wakiwa wamefunga.

Sasa nije kwenye namba ambayo mimi kila plani ikirekebishwa ndo naitafuta kabla ya nyingine yoyote. Sheria inasema usiangalie wastani wa shule nzima peke yake, angalia na makundi: watoto wa familia zenye kipato kidogo, watoto wenye ulemavu, makundi makubwa ya rangi na asili, na watoto wanaojifunza Kiingereza. Ila kundi lazima liwe na watoto wangapi ndo lihesabiwe? Hilo jimbo linajiamulia. Yapo yaliyoweka 10, yapo ya 20, yapo ya 30. Chukua shule yenye watoto 24 wanaojifunza Kiingereza. Jimbo likiwa limeweka 20, hao 24 wanaonekana kama kundi, wakidorora miaka shule inaguswa, inaambiwa jamani hawa watoto mnawafanyia nini. Jimbo likipandisha kutoka 20 kwenda 30, ni namba moja tu imefutwa ikaandikwa nyingine kwenye ukurasa mmoja, wale 24 wanapotea. Darasani wapo, mtihani wamefanya, kwenye wastani wa shule nzima wamo, ila kundi lao kwenye hesabu ya kuiwajibisha shule halipo tena na hakuna atakayeulizwa.

Ipo sababu ya kuweka kiwango, nakubali. Kundi likiwa la watoto watano, mmoja akiamka na malaria siku ya mtihani tayari asilimia 20 imeyumba, na pia unaweza kumtambua mtoto wa nani kafeli. Kwa hiyo 10 naielewa, 20 naielewa. Ikifika 30 mimi naona watoto wetu ndo wanaolipa, maana sisi huwa tunajikuta tumetawanyika, familia sita shule hii, familia tano ile.

Kuna lingine dogo hivyo hivyo. Mtoto akishafaulu akatoka kwenye kundi la Kiingereza, sheria inaruhusu jimbo liendelee kumhesabu humo mpaka miaka 4. Unaona inachofanya? Walioshapanda wanainua wastani wa kundi, na wale waliobaki chini, mara nyingi waliofika juzi kutoka kambini na shule waliikosa miaka kadhaa, wanafunikwa. Siyo lazima iwe mbaya, kwasababu inaonesha pia kazi ya walimu waliowapandisha hao wa kwanza, lakini ni haki ya mzazi kuomba namba zioneshwe mbalimbali.

Marekebisho makubwa nayo yapo. Kentucky ni mfano mzuri na Kiswahili kule unakisikia, Louisville, Lexington, Bowling Green. Mwaka 2019 kila shule ilipewa nyota, kuanzia moja mpaka tano. Mwaka 2020 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyobadilisha utaratibu, plani ikabidi irekebishwe, na kufikia 2022 nyota hazipo, kuna rangi: nyekundu ndo chini kabisa, alafu chungwa, njano, kijani, na bluu ndo juu. Mwanzo rangi ilitokana na hali ya mwaka ule tu, baadaye wakaweka na mabadiliko, yaani shule iko wapi leo na imepanda au imeshuka kutoka mwaka jana, vyote viwili vinakutana kwenye jedwali la tano kwa tano na rangi inatokea hapo. Shule ile ile, walimu wale wale, kipimo kikibadilika picha unayoletewa nyumbani inabadilika. Ndo maana mzazi akiniambia shule yetu imepanda mwaka huu, mimi namuuliza kwanza, na kipimo ni kile kile?

Na picha hiyo inaamua msaada uende wapi. Angalau kila miaka mitatu jimbo linatakiwa litoe orodha ya shule za chini kabisa, asilimia 5 ya mwisho katika zile zinazopokea Title I, pamoja na sekondari ambazo theluthi ya watoto au zaidi hawahitimu. Hizo wanaziita CSI. Wazazi wakisikia shule imeingia CSI wanachanganyikiwa, wengine wanahama mtaa, lakini tulieni kwanza: jimbo linatenga asilimia 7 ya hela ya Title I kwa ajili ya kuboresha shule, na shule ya CSI inatakiwa ikae na wazazi na walimu waandike mpango wa kuinuka ambao jimbo lenyewe linaupitisha na kuufuatilia. Ipo na orodha nyingine, TSI, hii ni ya shule ambayo kwa jumla inaonekana nzuri tu ila kundi moja humo ndani limeachwa nyuma. Hapa ndo mara nyingi watoto wetu wanapoangukia, na mpango wa shule ya TSI unapitishwa na distrikti, haufiki kwa jimbo, na hela siyo uhakika. Kwa hiyo ukisikia shule ya mwanao iko TSI uliza kundi gani, na uliza mpango uko wapi niusome.

Haya, marekebisho yenyewe yanakwendaje. Jimbo linatoa plani ya zamani ikiwa imechorwa, maneno yanayofutwa yamekatwa mstari, mapya yamewekwa rangi, mara nyingi nyekundu. Linatakiwa liongee na gavana, na liwape wananchi nafasi ya kutosha kutoa maoni. Kwa plani nzima sheria inataja siku zisizopungua 30, na hata kwenye marekebisho madogo nimezoea kuona majimbo yanakaa humo humo. Baadaye linaituma kwa Waziri wa Elimu Washington, ambaye ana siku 90 za kukubali au kukataa.

Kuhusu Washington, najua mmesikia kwamba Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu, na wengine wameniuliza kama bado kuna haja. ESSA ilitungwa na Bunge, Bunge halijaifuta, na majimbo bado yanaendesha plani hizi. Tena kama majimbo yatapewa uhuru zaidi, basi yale yanayoandikwa kwenye mji mkuu wa jimbo lako yanazidi kuwa na uzito.

Ukiona tangazo, usijaribu kusoma kurasa zote mia na ushee, hata mimi sianzii ukurasa wa kwanza. Tafuta palipochorwa tu. Angalia namba ya watoto wa kundi, alama ya kutokea kwenye Kiingereza, uzito wa kila kipimo, na shule inatokaje kwenye orodha ya msaada, maana ukilegeza masharti ya kutoka, shule zitatoka na hali ni ile ile. Kisha andika. Andika kwa Kiswahili kama ndo lugha inayokutoka vizuri, omba watafsiri, na kama kuna mkutano omba mkalimani mapema, usimbebe mtoto wako akukalimanie. Maoni huwa yanaweza kuwekwa hadharani, kwa hiyo jina la mtoto na alama zake usiziweke, na habari za karatasi zako za uhamiaji haziwahusu, mahakama kuu ya nchi ilishasema tangu 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwasababu hiyo. Mistari michache inatosha ila itaje kitu kimoja waziwazi, siyo tunaomba elimu bora, hiyo kila mtu anaomba.

Yule mama tuliandika naye pale pale, tumekaa kwenye gari yake. Mistari sita. Aliomba namba ya kundi isipandishwe, aliomba watoto waliokwisha kutoka kwenye kundi waoneshwe peke yao, na cha tatu hakikuwa changu, kilikuwa chake mwenyewe: ile ripoti ya ACCESS ije nyumbani ikiwa na maelezo ya Kiswahili ya nini kinabeba asilimia ngapi, kwasababu miaka mitatu yote alikuwa anamhimiza mtoto aongee, aongee, na hakuna aliyemwambia kwamba alitakiwa amtafutie vitabu.