Kabla hujamfungua mbwa kamba hapo bichi

Mbwa wengi wa Malindi wana maisha ya aina mbili, kufungwa nyuma ya nyumba mchana kutwa alafu usiku waachiliwe walinde, au kuzurura mtaani bila mwenyewe. Ile ya katikati, mbwa kutoka na mwenyewe afunguliwe kamba acheze na wenzake, ndo naona inaanza kushika, na kliniki naulizwa sana, daktari mbona sisi hatuna paki ya mbwa kama wenzetu wa majuu? Paki hatuna. Bichi tunayo, ila bichi haina ua, kwa hivo kazi ya ua inabidi uifanye wewe mwenyewe.

Hizo paki nazo watu wanazisifu kwa nafasi, mimi nazisifu kwa mageti. Ile inayotajwa sana kuwa ya kwanza kule Marekani ni Ohlone, pale Berkeley, California, ya 1979, na tangu hapo nyingi zimejengwa na geti mbili zinazofuatana. Unaingia la kwanza unalifunga, unamfungua mbwa kamba hapo katikati, ndo unafungua la pili. Sababu siyo tu asitoroke. Mbwa aliye kwenye kamba akijiwa na mbwa aliye huru anajua hana pa kukimbilia, kamba nayo imemkaza shingo, mwenyewe naye ameshtuka na anavuta, bas kilichobaki ni kuuma. Kwa hivo hapa bichi ya Silversands sheria yangu ni moja, wote wamefungwa au wote wamefunguliwa. Ukiona mwenzio anakuja na wake kwa kamba, muite wako umfunge ama jiondoe mbali, usikae kupiga kelele "haumi huyo, haumi huyo".

Na utamwita vipi kama hasikii? Hapo ndo wengi wanaanguka, manake mbwa anaitika jina vizuri sana jikoni wakati wa chakula, ukimpeleka kwenye upepo na harufu za samaki anakuwa hakujui. Anza na kamba ndefu ya mita 10 hivi, hata ile ya mashua inafaa, iburuzike mchangani bila wewe kuivuta. Muite, akija mpe kipande cha ini la kuchemsha, alafu muachilie tena aende zake. Hiyo ya kumuachilia tena ndo siri yenyewe, kwa sababu mtu akimwita mbwa wake wakati wa kurudi nyumbani tu, mbwa anajifunza haraka kuwa kuitwa ni starehe kuisha, na siku nyingine atakuzungusha mpaka magharibi. Kama kwa kamba ndefu bado anakuja akipenda, hajawa tayari kufunguliwa, na hakuna aibu, wengine hawawi tayari maisha yao yote na wanafurahia bichi vilevile.

Wakishaanza kucheza usiingie kwa simu. Tazama miili. Mbwa anayetaka mchezo anainamisha mikono mbele na matako anayaacha juu, mdomo wazi, mwili umelegea unayumbayumba, na wanapeana zamu, huyu anakimbiza alafu anakimbizwa, wa juu anakuwa wa chini, kila mara wanapumzika kidogo wajitikise. Kunguruma katikati ya mchezo siyo neno. Kinachonitisha mimi ni kimya. Mdomo umefungwa, mwili umekakamaa, macho hayabanduki, kidevu kimewekwa juu ya bega la mwenzake, hapo unamwita sasa hivi na siyo baada ya dakika. Na huo mkia unaosema ni furaha, ukiwa umesimama juu wima unatetemeka haraka haraka, siyo furaha. Angalia pia mmoja akiwa anakimbizwa na watatu na hapati zamu yake, huo si mchezo tena. Wakishikana kweli usitie mkono katikati, wamwagie ndoo ya maji.

Saa nayo. Pwani yetu siku za bamvua maji yakipwa yanaenda mbali, mchanga unakuwa mpana na mgumu, raha ya mbwa. Lakini jioni mchanga huohuo ni wa vijana na mpira wao, na familia na watoto. Mimi nasema asubuhi mapema, kabla jua halijakolea. Mbwa hatoi jasho la maana kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na hawa wenye pua fupi, bulldog na wenzake, hata kuhema kwenyewe kwa taabu. Akianza kuyumba, ulimi umekuwa mwekundu sana, mate mazito, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima umpepee, alafu mlete kliniki. Joto la mwili likipita nyuzi 41 za Selsiasi ni hatari ya kufa. Na beba maji matamu, akikata kiu kwa maji ya bahari ataharisha na kutapika.

Kuna na bunju. Samaki huyu akitupwa ufukweni mbwa anamuokota, na sumu yake haina dawa ya kuitangua, haiishi hata samaki akikauka. Ukiona mbwa kala kitu alafu anatapika, miguu inalegea, usingoje kesho. Ukielekea kusini kumbuka hifadhi ya bahari ya KWS, shirika la wanyamapori la serikali, wanyama wa kufuga hawaruhusiwi humo, na msimu wa kasa kutaga mbwa mchimbaji abaki kwenye kamba.

Sasa majirani. Huku wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa, au mbwa aliyelowa akikugusa, ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Mzee anatembea na kanzu yake kuelekea msikitini, mbwa wako katoka majini anamjia mbio ajitikise, umeshamharibia swala, lazima arudi aoshe abadilishe. Wageni wanachukulia kuwa mzee anachukia mbwa, wakati pengine huyo huyo kwao shambani ana mbwa wa kulinda. Ukimuona kwa mbali mfunge, kaa upande wa chini ya upepo, "shikamoo mzee, pita tu, nimemshika". Itakusaidia kuliko kuomba radhi baadaye.

Kinyesi okota. Minyoo ya safura ya mbwa inaanguliwa mchangani, inaingia kwenye ngozi ya mtu anayetembea peku, unaona mstari mwekundu unatambaa unawasha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hivo beba gazeti kuukuu na kijikoleo, na usifukie hapohapo watoto wanapochimba.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi 3 na kila mwaka, Kenya imejiwekea lengo la kukimaliza kwa binadamu kufikia 2030 na bila chanjo za mbwa hakimaliziki. Mtoto wa mbwa asifike bichi kabla hajamaliza chanjo za parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, karibu wiki 16, kirusi hicho kinakaa mchangani miezi. Jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, abaki nyumbani, tafadhali. Na mtu akiumwa na mbwa, hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo, siyo pilipili wala kitunguu.

Mkirudi muogeshe maji matamu, kausha masikio kwa ndani kidogo na kitambaa, angalia kati ya vidole, kupe hupenda hapo. Mng'oe kwa kibanio karibu na ngozi, taratibu, usimpake mafuta ya taa.