Kwa nini Uingereza inaizidi Uganda kwenye ramani ya ukutani

Uganda ina takriban kilomita za mraba 241,000. Uingereza, pamoja na Ireland Kaskazini, ina 244,000. Ni karibu sawasawa. Hata hivyo, kwenye ramani ya Mercator, ile iliyozoeleka ukutani, Uingereza huonekana karibu mara tatu ya Uganda.

Menya chungwa, kisha ujaribu kulilaza ganda mezani bila kulichana. Halikubali. Dunia nayo ni hivyo hivyo: ukiibandika kwenye karatasi, utapoteza ama umbo, ama ukubwa, ama umbali.

Gerardus Mercator alichapisha ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili njia inayofuata pembe moja ya dira ichorwe kwa rula. Longitudo, ambazo kwenye tufe hukutana nchani, alizisimamisha sambamba. Kwa hiyo kwenye latitudo ya 60 kila kitu kimevutwa mara mbili mashariki-magharibi, na ili umbo lisiharibike, kikavutwa mara mbili kaskazini-kusini pia. Eneo linakuwa mara nne. Kwenye latitudo ya 70 ni mara nane na nusu, ndiyo maana Greenland inalingana na Afrika machoni ilhali Afrika ni kubwa mara 14. Sisi tulio kwenye ikweta hatuongezwi kitu. Hata Kidepo, kaskazini mwa Uganda karibu na nyuzi 4, urefu hukua kwa robo asilimia tu.

Ramani ya Peters (1973, ingawa James Gall aliieleza tangu 1855) hurekebisha ukubwa, lakini hapo ndipo Uganda inapoumia: kwenye ikweta, urefu wa kaskazini-kusini huvutwa mara mbili ukilinganisha na upana. Kwa ukuta wa darasa, bora Equal Earth ya mwaka 2018, yenye maeneo sahihi na maumbo yasiyochusha.

Kuitambua ramani uliyo nayo, chukua rula. Pima kutoka latitudo 0 hadi 20, kisha 60 hadi 80. Kipimo cha pili kikiwa mara tatu ya cha kwanza, ni Mercator. Kikiwa karibu theluthi yake, ni Peters. Longitudo za pembeni zikiwa zimepinda, si mojawapo ya hizo mbili.

Kwa kupima shamba, achana na ramani za dunia, tumia UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda zenye namba na kutaja mahali kwa mita. Uganda imegawanywa na longitudo ya 30 na ikweta, hivyo ina kanda nne: Kampala ni 36 Kaskazini, Masaka 36 Kusini, Kisoro 35 Kusini, na vilele vya Rwenzori kwenye mpaka wa magharibi ni 35 Kaskazini. Kusini mwa ikweta huongezwa mita 10,000,000 kwenye namba ya kaskazini (umbali kutoka ikweta), ili isiwe hasi. Ukisahau na kuandika Kaskazini kwa kiwanja cha Masaka, programu itakipeleka karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini, kwenye barafu.