Kwa nini filamu ya "familia nzima" humliza mtoto wa miaka minne?

Je, wajua kwamba katuni isiyo na tusi wala tone la damu inaweza kumkosesha mtoto mdogo usingizi kuliko filamu ya vita? Wazazi wengi wa Mtwara wamekutana na jambo hili bila kulielewa. Fedha za korosho zimeingia, runinga mpya imefungwa sebuleni, flashi imejazwa muvi dukani, na aliyezijaza kasema hii hapa ni ya familia nzima. Watu wazima wanacheka mwanzo mwisho. Usiku, mdogo wa miaka minne anagoma kulala peke yake. Aliogopa nini, na mbona hakuna aliyeona?

Hakuna aliyeona kwa sababu mtoto hakuitazama filamu ile ile waliyoitazama wakubwa. Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, Marekani, alichunguza kwa miaka mingi vitu vinavyowatisha watoto kwenye runinga. Katika jaribio moja, yeye na mwenzake walitengeneza kisa kimoja cha bibi kizee kwa namna nne: bibi mwenye sura ya kupendeza au ya kutisha, mwenye matendo mema au ya kikatili. Watoto wa miaka tisa na kumi walimpima bibi kwa matendo yake. Wale wadogo kabisa walimpima zaidi kwa sura. Bibi mwema mwenye sura mbaya kwao alikuwa mtu wa kuogopwa.

Jambo hilo lilijitokeza pia kwenye tamthilia ya Marekani ya The Incredible Hulk, ambamo daktari mpole hugeuka jitu la kijani na kuwasaidia wanyonge. Watoto wakubwa walifurahi akigeuka, maana msaada umefika. Wadogo walishikwa na hofu hapo hapo, kwani mtu waliyemzoea alikuwa amepotea mbele ya macho yao. Mwaka 1983 mambo yakawa kinyume. Runinga ya Marekani ilionyesha The Day After, filamu ya shambulio la nyuklia, na Cantor akakuta kwamba watoto wadogo ndio waliosumbuka kidogo kuliko wote. Hofu ya filamu ile ilikaa kwenye wazo la dunia kuangamia, na mtoto mdogo haogopi wazo.

Watu wa Newala na Tandahimba wameliona hili bila maabara. Ngoma ya mapiko ya Wamakonde ikitoka, mchezaji kajifunika kinyago cha mti chenye meno na nywele, watoto wadogo hutimua mbio. Kijana aliyetoka jandoni anabaki kutazama, kwa kuwa anajua ndani kuna mtu. Mdogo anayo sura tu.

Sasa tazama daraja la umri linalowekwa kwenye filamu. Wamarekani walianza mpango wao wa madaraja mwaka 1968, na mwaka 1984 wakaongeza PG-13, baada ya wazazi kulalamika kwamba filamu mbili za mwaka huo zilizopewa PG, daraja linalomtaka mzazi aelekeze, zilikuwa za kutisha mno. Uingereza, daraja U hukusudiwa watoto wa kuanzia miaka minne, na PG isimtikise mtoto wa miaka minane hivi. Angalia pengo hilo: aliye na miaka mitano hamo kwenye hesabu ya PG, ingawa wengi wetu tukiona herufi hizo tunaona ruhusa. Tena madaraja haya huzingatia sana yanayomkera mtu mzima, yaani matusi, utupu, ngono na damu. Kifo cha mzazi kinaweza kupita bila shida. The Lion King ya 1994 ina daraja G, la watu wote, na ndani yake mtoto anamwona baba yake akifa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la BMJ ulilinganisha katuni na filamu za drama za watu wazima, ukakuta wazazi wa wahusika wakuu wako kwenye hatari ya kufa mara tano zaidi ndani ya katuni.

Hapa kwetu, Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo yenye kazi ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Lakini flashi haina kasha, na daraja halionekani. Kisha kuna muvi za kutafsiriwa. DJ anaweka sauti yake juu ya filamu, na mara nyingine anaongeza maneno ya kikubwa ambayo hayakuwamo. Filamu iliyopimwa ughaibuni siyo tena inayosikika kwenye kibanda umiza, gizani, spika zikitetemesha mabati.

Na isipotafsiriwa, mtoto asiyejua Kiingereza hupoteza maneno yote yanayomweleza kwamba jitu lile ni rafiki. Anabaki na nyuso na muziki. Ndiyo maana kipimo ninachokiamini ni mzazi kuitazama filamu kwanza mwenyewe, sauti ikiwa imezimwa: nani ana sura ya kutisha, nani anageuka, mzazi gani anatoweka, na inachukua muda gani mpaka mtoto wa kwenye filamu ashikwe mkono tena. Adui kuadhibiwa mwishoni hakumsaidii sana mdogo, kwa maana haunganishi vizuri mwisho na yaliyotangulia. Kisha rudisha sauti, ugeuze uso, usikilize muziki peke yake.

Akiogopa, usianze na "siyo kweli hiyo." Cantor alikuta maneno hayo huwafaa watoto wakubwa, wadogo hutulizwa zaidi na mwili. Mpakate, washa taa, mpe maji. Akiomba izimwe, izime hapo hapo, na akitaka kujua ilivyoisha, msimulie kesho mchana mkiwa barazani.