Feni ya Moshi Inayojiwasha kwa Joto: Namna ya Kuifunga Jikoni

Majiko ya hoteli, shule na hospitali huwashwa alfajiri, mara nyingi kabla mtu hajakumbuka swichi ya feni ya moshi. Mafuta hutanda ukutani, joto hupanda, na palipo na gesi, monoksidi ya kaboni huweza kubaki ndani na wapishi. Sensa ya joto kwenye kofia ya moshi, ile inayokusanya moshi juu ya jiko, huondoa usahaulifu huo, maadamu imefungwa kwa kanuni moja: iweze kuwasha feni wakati wowote, na mpishi asiweze kuizima moto ungali unawaka.

Kosa kubwa ni kupitisha umeme wa mota ndani ya themostati yenyewe, yaani swichi inayofuata joto la sensa. Mota ya fezi tatu ya kilowati 1.5, volti 400, hula takriban ampea 3.5, lakini inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo. Themostati iliyoandikwa ampea 16 imepimwa kwa mzigo wa hita, si wa mota. Kontakti zake (ncha zinazogusana kupitisha umeme) zikigandana, feni haizimi, zikiungua, haiwaki. Basi themostati iamrishe koili ya kontakta tu, yaani swichi ya mota inayofungwa kwa sumaku ya koili hiyo. Kwa mota hiyo, kontakta ya ampea 9 daraja la AC-3 (la mizigo ya mota) inatosha, na ovalodi, kinga ya mota inapozidiwa, isetiwe kwa ampea zilizo kwenye kibati cha mota.

Kwa koili ya volti 230, fezi moja itoke kwenye breka ndogo, ipite namba 95 na 96 za ovalodi, kisha igawanyike matawi mawili: swichi ya mpishi, na kontakti ya sensa. Matawi yakutane A1, ncha moja ya koili. A2, ncha ya pili, iende nyutro. Kwa kuwa yako sambamba, mpishi akizima swichi kungali na joto, feni inaendelea. Aisoleta (swichi ya kukata umeme wote) yenye kufuli ikae karibu na feni, kwa ajili ya fundi. Kwenye tawi la sensa ongeza taima ya kuchelewesha kuzima, dakika 15 hadi 20. Bila hiyo mota itawaka na kuzima kila mara, na mianzo mingi huunguza waya zake.

Sensa ikae nyuma ya filta, pale kofia inapoungana na bomba, mbali na hewa safi inayoingizwa. Kofia ndefu yenye mabomba mawili inahitaji sensa mbili. Tundu lizibwe kwa glandi (kizibo cha waya) isiyopitisha mafuta, waya uwe wa kuhimili joto, na kiboksi cha maungio kikae nje. Ndani ya bomba la moshi hapapiti waya wa umeme. Sensa isafishwe pamoja na filta, kwani tabaka la mafuta huichelewesha kuhisi.

Katika Dar es Salaam au Mombasa, ukiseti nyuzi 32 za Selsiasi feni itakesha, maana hewa ya jikoni huweza kuvuka hapo bila jiko lolote kuwaka. Anza na 45 kuwasha na 40 kuzima, kisha rekebisha. Arusha au Nairobi huenda ukashuka kidogo.

Aina ya sensa nayo ina uzito. Waya wa PT100 (sensa ambayo ukinzani wake hupanda joto likipanda) ukikatika, kidhibiti huona joto kali mno. Wa NTC (ambayo ukinzani wake hushuka joto likipanda) ukikatika, huona baridi kali, na feni hubaki imelala bila mtu kujua. Ukitumia NTC, chagua kidhibiti kinachoweza kusetiwa kiwashe feni sensa inapoharibika.

Palipo na valvu ya umeme ya gesi iliyofungamana na feni, kuna mtego: gesi inangoja feni, feni inangoja joto, na joto halipo bila gesi. Hapo mpishi aanze kwa swichi, sensa iwe mlinzi wa kuzuia kuzima. Valvu isiamini kontakta peke yake, kwa sababu mkanda wa feni ukikatika mota huendelea kuzunguka. Tumia swichi ya shinikizo la hewa kwenye bomba. Umeme ukirudi baada ya kukatika, gesi isifunguke yenyewe. Mtu abonyeze kitufe baada ya kuhakikisha koki zote zimefungwa.

Mtambo wa kuzimia moto ukifyatuka, kiwango cha Marekani cha NFPA 96 hutaka feni ya kutoa moshi iendelee, isipokuwa mtambo wenyewe umeidhinishwa kwa masharti mengine. Feni ya kuingiza hewa izime, na gesi na umeme wa majiko vikatwe.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Kabla ya kukabidhi, apashe sensa kwa kikaushia nywele, achomoe waya wake mmoja, kisha aangalie feni inazunguka upande gani kwa umeme wa gridi na wa jenereta. Feni ya sentrifugo ikizunguka kinyume bado huvuta hewa, ila kidogo, ndiyo maana wengi hawagundui.