Je, wajua kwa nini ndoano inaweza kumsaidia mtoto kujua kusoma?

Mtoto husoma kwa wepesi neno ambalo sikio lake limeshalizoea. Akikutana na "ndoano" kitabuni na hajawahi kuiona, anahangaika na herufi sita zisizomwambia kitu. Lakini yule aliyewahi kuchomwa nayo kidoleni, akifika "ndo-a" tu, anamalizia mwenyewe.

Watu wengi hapa Dodoma wanadhani uvuvi ni mambo ya Mwanza na pwani. Hombolo kuna bwawa tangu 1957, na Mtera, mpakani na Iringa, hutuletea perege na kambale sokoni. Binti yangu alipokwama kusoma darasa la kwanza, nilianza kwenda naye Hombolo siku za Jumamosi.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo kazi kubwa ya mwanzo ni kuzisikia silabi. Na uvuvi ni kusubiri. Tukishatupa ndoano tunagonga magoti polepole: ka-mba-le, mara tatu. M-shi-pi, mara tatu pia. Utamu uko hapo: m ya mshipi inasimama peke yake, ya kambale imeshikana na b. Darasani lenye watoto wengi, mwalimu atampata wapi mtoto mmoja kwa saa nzima ya namna hiyo?

Neno lililotutesa ni mtumbwi. Aliandika kwa kijiti kwenye tope: *mtubi*. Nikamwambia, "Mama, liseme taratibu, kidole kikiwa mdomoni." Akaisikia midomo ikifumba kabla ya b, kisha ikichongoka kwenye w. Akafuta kwa kiganja, akaandika upya, herufi zote saba.

Tukirudi nyumbani anapima samaki kwa rula na kuandika kwenye daftari. Kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK ambazo mtaala wa 2015 uliziweka mbele kwa darasa la kwanza na la pili, zote zimo humo.

Ila mtoto asiachwe peke yake, wala asiingie majini: maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho, na Mtera kuna mamba na viboko. Kama bwawa liko mbali, mpeleke kwa muuza samaki sokoni, amtajie kila kilichopo mezani.

Juzi daftari lilisomeka hivi: "Jumamosi. Chambo nyungunyungu. Perege 2. Kambale amekata mshipi." Nyungunyungu aliliandika bila kuniuliza.