Kabla ya Sindano, Shika Mrija

Nahodha mmoja wa Lamu alikuja kwangu Malindi na bahasha ya kaki imefura karatasi za maabara. Alitoka Amu alfajiri kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi la Witu na Garsen, akaingia mchana amechoka, mkewe nyuma yake. Miaka tisa ya ndoa, mtoto hakuna. (Ruhusa ya kuandika alinipa mwenyewe, na mengine nimeyageuza asijulikane.) Karatasi zilikuwa sita, za maabara nne, na zote zilikubaliana: mbegu, sufuri. Alishachomwa sindano za homoni. Alishameza vidonge miezi sita, akapumzika, akameza tena. Mizizi nayo alikunywa. Mkewe alipigwa picha ya mirija ya uzazi mara mbili, na huku karatasi ya mume iko pale pale mezani. Mavyaa wa yule bibi alikuwa ameanza kutaja mke wa pili.

Nikamuuliza, "Katika madaktari wote uliowaendea, ni nani aliyekushika?"

Akanitazama. "Kunishika vipi?"

Nilizima kiyoyozi kwanza. Baridi huukaza mfuko wa korodani, ukapandisha kila kitu juu, na daktari anayepapasa kwenye chumba cha baridi hujidanganya. Kisha nikamwomba asimame, apandishe kikoi.

Mrija wa mbegu ukiuviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, unajitambulisha wenyewe: wa mviringo, mgumu, unateleza, haukubali kubonyea. Mishipa ya damu inayopanda pamoja nao ni laini. Wanafunzi wangu huwaambia wafikirie mshipi mnene wa kuvulia papa uliofichwa ndani ya tambi zilizopikwa. Kwa nahodha, kulia nikapata tambi. Kushoto tambi. Nikarudia pande zote mbili, kwa kuwa neno nililotaka kumwambia si la kusema kwa kubahatisha.

"Mirija ya kupitisha mbegu huna, bwana. Kulia wala kushoto."

"Imekwenda wapi?"

Swali zuri, na jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Ukitaja mirija ya uzazi, wengi humfikiria mwanamke. Mwanamume naye anayo miwili, kila mmoja sentimita 30 hadi 35 kwa urefu, unene wake milimita mbili au tatu. Tundu la katikati halifiki hata milimita moja, mara nyingi ni nusu yake au pungufu. Sehemu yote iliyobaki ni misuli ya tabaka tatu, na ndiyo inayoufanya uwe mgumu mkononi. Mbegu hazipiti humo kwa kuteleza tu kama maji ya bomba. Wakati wa kumwaga, misuli hiyo hujikunja kwa mpigo na kuzikamua kwenda mbele.

Kabla ya hapo mbegu hutengenezwa kwenye korodani na kukomaa ndani ya epididimisi, kijirija kilichojisokota nyuma ya korodani ambacho kikinyooshwa hufika kama mita sita. Mwisho wa epididimisi ndio mwanzo wa mrija wetu. Unapanda hadi kinenani, unapenya ukuta wa tumbo, unaingia nyongani, unapita juu ya ureta, yaani njia inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, ndipo unashuka nyuma ya kibofu, unaungana na kifuko cha manii na kupenya tezi dume. Mzunguko wote huo wa nini? Ni kwa sababu korodani haikuanzia kule chini. Ilianzia tumboni, jirani na figo, ikateremka kabla mtoto hajazaliwa, ikaja inauburura mrija nyuma yake. Watoto wa hapa Malindi wakirusha tiara, ikapita juu ya mwarobaini na kuangukia upande wa pili, uzi hubaki umekaa juu ya tawi. Tawi ndilo ureta. Na daktari wa upasuaji asiyelikumbuka hilo, siku moja atafunga kisichofungwa.

Mimba ikiwa na wiki nne hivi, kila upande wa kijusi una kifereji kiitwacho mrija wa Wolff. Kunako wiki ya tano, kifereji hicho huchipua kichipukizi ambacho huzaa ureta na kuiamsha figo ianze kujijenga. Baadaye, mtoto akiwa wa kiume, homoni ya testosteroni hukihifadhi kifereji chenyewe kiwe mrija wa mbegu, epididimisi na kifuko cha manii. Kikikwama mapema, upande huo unakosa mrija na figo kwa pamoja. Kikiharibika baada ya kichipukizi kutoka, figo husalimika. Kuna na vioja vingine, vya nadra: mrija uliokosea njia ukafungukia kwenye ureta au kibofu, na mirija pacha ya korodani moja. Huo wa pacha nautaja kwa sababu anayefunga uzazi akikata mmoja na kumwacha mwenzake, mama atashika mimba na baba ataanza kuuliza maswali yasiyostahili.

Mwalimu mmoja wa hapa mjini, baba wa watoto watano, alikuja kufunga uzazi. Aliiita operesheni yenyewe "ile ya Vasco", kwa kuwa neno vasektomi lilimkumbusha mnara wa Vasco da Gama pale ufukweni, na tangu hapo hata muuguzi wangu huandika Vasco kwenye daftari la miadi. Kumshika, kulia mrija upo, kushoto haupo. Sikugusa kisu. Nilimpeleka altrasaundi ya tumbo, na upande wa kushoto figo haikuonekana. Watoto watano amewapata kwa mrija mmoja, na maisha yake yote ameyaendesha kwa figo moja bila habari. Kufunga uzazi kukawa jambo dogo kwa siku ile. Tulizungumza juu ya presha, juu ya vidonge vya maumivu anavyojinunulia dukani kila mgongo ukimuuma, na juu ya kumwambia kila daktari atakayemwona kwamba figo ya akiba hana.

Nahodha alikuwa na figo zote mbili, nami nikaelekea kwingine. Asiye na mirija yote miwili, figo zikiwa kamili, mara nyingi ana hitilafu kwenye jeni ya CFTR. Iligunduliwa mwaka 1989 na watafiti waliokuwa wakitafuta chanzo cha saistiki faibrosisi, ugonjwa unaofanya makamasi ya mapafu na majimaji ya kongosho kuwa mazito kama gundi. Karibu wanaume wote wenye ugonjwa huo hawana mirija. Lakini wapo wenye hitilafu nyepesi, mapafu yao mazima, wanapiga mbizi na kupanda milingoti, na mahali palipoathirika ni mrija peke yake. Vipimo vingi vya jeni hii vilitungwa kwa kufuata hitilafu zilizo nyingi Ulaya, kwa hiyo mtu wa Pwani akiletewa jibu la "hakuna kitu", mimi sifungi faili.

Nikamuuliza mkewe ni nani kwake. "Mtoto wa ami." Ndoa ya heshima kwetu, na sina neno nayo. Ila saistiki faibrosisi humpata mtoto aliyepokea hitilafu kwa baba na kwa mama, na watoto wa ndugu wawili huenda wakawa wamerithi ile ile kutoka kwa babu mmoja. Kwa hiyo mke hupimwa kabla hawajasaidiwa kupata mimba.

Karatasi zenyewe zilikuwa zimeshasema, lau mtu angeshuka chini ya mstari wa mbegu. Ujazo, nusu mililita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini kwenye mililita 1.4. Kipimo cha tindikali, pH, 6.4, wakati manii ya kawaida hufika 7.2 na kuzidi (namba ikishuka, tindikali imezidi). Sisi tuliopita madrasa tunajua kutenganisha manii na madhii tangu utotoni, lakini manii yenyewe yanatoka wapi hatukufundishwa. Yanayotoka korodanini ni asilimia mbili hadi tano tu. Theluthi mbili hivi ni ya vifuko vya manii, nayo ndiyo yenye sukari ya fruktosi na yanayoipoza tindikali. Mengi ya yaliyobaki ni ya tezi dume. Asiye na mirija kwa kawaida hana pia vifuko, au anavyo vilivyodumaa, hivyo anatoa maji ya tezi dume peke yake: machache, makali, bila mbegu. (Na ndiyo maana aliyefunga uzazi haoni upungufu wowote. Vifuko vyake viko mbele ya pale palipokatwa.)

Sasa, karatasi kama hiyo anaweza kuja nayo mtu mwenye mirija mizima, ila ameziba ndani ya tezi dume, na huyo huenda akafunguliwa kwa upasuaji. Mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi naye hutoa machache kwa sababu manii yanarudi kibofuni, na kwake tunaanza kwa kupima mkojo. Bila kumshika mtu, utawatibu wote hao kwa dawa moja na kuwakosa wote. Sindano za nahodha hazikuwa na kazi ya kufanya: korodani zake ni kubwa, zenye afya, na mbegu zinatengenezwa kila siku. Nimemwona hata aliyepasuliwa mishipa ya damu iliyovimba korodanini ili "mbegu ziongezeke", kumbe mirija hana. Hilo linanikera, na sitaki kulificha.

Mrija ambao haukuwapo hakuna upasuaji wa kuuunda. Kilichopo ni kuzifuata mbegu kwa sindano ndani ya epididimisi au korodani, kisha mbegu moja inaingizwa ndani ya yai moja chini ya darubini. Njia hiyo ilileta watoto wake wa kwanza mjini Brussels mwaka 1992. Kwetu Kenya, watoto wa kwanza waliotungwa maabara walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Bei yake ni laki kadhaa za shilingi, na sikumficha nahodha. Mkewe, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, ndiye aliyeuliza kama ni halali. Nikamwambia fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 iliruhusu yai na mbegu za mume na mke walio ndani ya ndoa, mtu wa tatu asiingie. Zaidi ya hapo amwulize shehe wake, mimi ni fundi tu.

Kuna na wanaozaliwa na mirija kisha sisi madaktari tukaiharibu, na mimi nimo. Nilipokuwa kijana kazini, mbali na Pwani, nilimpasua mtoto wa miaka miwili ngiri ya kinena. Kwa mtoto wa umri huo mrija ni mwembamba kama uzi wa kushonea, umejibandika nyuma ya kifuko cha ngiri, na kifuko chenyewe ni chepesi kama ngozi ya kitunguu. Nilibana kwa koleo nikidhani nimeshika ukingo wa kifuko. Nilipoachia nikaona alama nyeupe imekaa juu ya mrija. Haukukatika, lakini kubanwa mara moja kunatosha kuuacha na kovu. Nilimwambia mkubwa wangu, akasema mtoto ana upande wa pili, tufunge. Mama yake hakuambiwa. Huyo sasa ni mtu mzima mahali fulani. Tangu siku hiyo mrija wa mtoto siugusi kwa chuma, nausogeza pamoja na utando wake, na mzazi namwambia hatari hiyo kabla hajatia sahihi. Mwanamume mwenye sufuri ya mbegu akija na makovu mawili kinenani, mwulize alipasuliwa akiwa na umri gani.

Busha nalo. Pwani tunaishi na matende na mabusha ya minyoo inayoenezwa na mbu, na wazee wengine huja na busha walilolibeba miaka ishirini. Maji yakikaa muda huo, epididimisi na mrija husukumwa na kutandazwa nyuma ya ukuta wa busha hata usiutambue kwa macho. Anayekata ukuta huo karibu sana ili lisirudi tena anaweza kuondoka na visivyo vyake. Kifua kikuu pia hushuka huko: mrija unashikika una vinundu vinundu, kama unahesabu tasbihi. Ukiuhisi hivyo, agiza vipimo vya kifua kikuu.

Wanaotaka kufunguliwa baada ya vasektomi ni kundi lenye matumaini zaidi. Njia ya tundu dogo bila kisu, aliyoibuni Li Shunqiang huko China mwaka 1974, haiachi uharibifu mkubwa, na ncha mbili huunganishwa chini ya darubini kwa uzi usioonekana vizuri kwa macho. Muda ndio mkali. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991, waliofunguliwa kabla ya miaka mitatu, mbegu zilirudi kwa asilimia 97 na mimba zikapatikana kwa asilimia 76. Waliokaa miaka 15 na zaidi, 71 na 30. Mwalimu wangu wa "Vasco" nilimsomea hesabu hizo kabla ya kumfunga upande wa kulia. Akacheka, akasema watano wanamtosha. Pamoja na hayo alileta chupa ya kupima wiki ya tano, nikamrudisha nyumbani na kinga yake: rudi miezi mitatu ikitimia, mbegu zilizokuwa mbele ya pale nilipokata bado hazijaisha njiani.

Nahodha alirudi baada ya wiki mbili, safari hii na mdogo wake wa tumbo moja anayetarajia kuoa. Hakuwa amempigia simu wala kumweleza mengi, alimwambia tu, "Twende Malindi, kuna daktari wa kukushika." Kijana aliingia akiwa na wasiwasi, akapandisha kikoi huku anatazama dirishani. Kulia, mshipi ndani ya tambi. Kushoto pia. Nahodha alikuwa amesimama nje ya pazia, na nilimsikia anauliza kabla sijafungua mdomo.

"Upo?"