Pumzi ya Jackie Chan katika The Foreigner

Kazi yangu ni kuhariri picha za video, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuhariri mapigano. Juma lililopita vijana watatu ninaowafundisha hapa Mji wa Kale, Mombasa, waliniuliza kwa nini Jackie Chan, ambaye wao humjua kama mchekeshaji, aliwatia simanzi walipomtazama katika filamu ya The Foreigner ya mwaka 2017. Nimeona niandike jibu langu kwa kirefu, kwa kuwa naamini hiyo ndiyo kazi yake bora zaidi ya uzeeni.

Sisi tuliokulia kwenye kanda za kuazima tulimjua kwa maruko yake. Katika Police Story ya mwaka 1985 anarukia nguzo ndefu iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, anateremka nayo hadi chini huku viganja vikiungua kwelikweli, na tendo hilo linaonyeshwa mara tatu mfululizo kutoka pembe mbalimbali. Marudio yale yalikuwa ushahidi wa kwamba aliyeruka ni yeye mwenyewe. Maumivu yake siku hizo hayakukaa: alikunja uso, akapuliza mkono, sote tukacheka, naye akaendelea kukimbia.

The Foreigner, iliyoongozwa na Martin Campbell, ilitoka Chan akiwa na umri wa miaka 63. Anaigiza Quan, mwenye mkahawa jijini London aliyewahi kufunzwa vita na Wamarekani kule Vietnam, ambaye binti yake anauawa katika mlipuko wa bomu. Anachotaka ni majina ya waliolitega, na anamwandama mwanasiasa wa Ireland Kaskazini, anayeigizwa na Pierce Brosnan, hadi ayapate.

Kabla ya pigo la kwanza, tunamwona Quan akitembea. Mabega yameinama, miguu inaburuta, na anapoketi mbele ya wakubwa hurudia ombi lile lile kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezoea kutosikilizwa. Mhariri mwenye pupa angeufupisha mwendo ule. Hapa umeachwa, na kwa hivyo mapigano yanapoanza tunaujua tayari uzito wa mwili ule, na kila hatua ya haraka inatushtua.

Pigo katika filamu lina sehemu tatu: kuanza, kugusa na kuitikia. Nyota anapozeeka, desturi ya wengi ni kukata kati ya sehemu hizo, ili mwigizaji mbadala aingie bila kuonekana. Tunasikia kishindo lakini hatuoni aliyekitoa. Katika mapambano ya ndani ya nyumba ya wageni, Quan anawakabili vijana wenye nguvu kumshinda kwenye vyumba vyembamba, na bado tunaona wazi nani amempiga nani na kwa nini mmoja ameanguka. Anapigwa, anayumba, anajishika ukutani. Kilichobadilika tangu enzi ya filamu zake za ujanani kule Hong Kong ni muda kati ya pigo na pigo, kwa sababu sasa pengo lile limejaa pumzi, na mzee anayetafuta pumzi mbele ya watu watatu hutia hofu kuliko kijana anayepaa.

Kisha yapo majeraha. Quan anajificha msituni na kujitibu mwenyewe, peke yake, bila mzaha wowote wa kutupumzisha. Naithamini sehemu hiyo kuliko mitego yote anayotega, maana ndipo maumivu yanapokataa kuondoka, na kisasi chake kinaonekana kuwa kazi ya mtu aliyekwisha kuzika kila aliyempenda.

Tulipomaliza kuitazama tena, mmoja wa vijana alifungua kompyuta yake na kurudi kwenye mapigano aliyoyapiga picha kule Makadara. Alitafuta sekunde mbili alizokuwa amezikata, ambamo mwigizaji wake mwenye mvi anashika goti kabla ya kuinuka, akazirudisha mahali pake.